Siri ya Jani: Kutoka Kiseyeye cha Mabaharia hadi Unga wa Mlonge

Malindi, 1499

Januari 1499 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi zikitokea Bara Hindi. Nahodha huyo Mreno alikuwa ameng'oa nanga huko mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijashika, jambo ambalo baharia yeyote wa Pwani angemkataza. Safari ya wiki chache ikageuka kuwa ya karibu miezi mitatu, mara bahari shwari isiyo na upepo, mara pepo za mbisho. Watu thelathini walikufa njiani. Katika kila merikebu walibaki saba au wanane tu wenye nguvu za kushika kamba. Waliobaki walikuwa wamelala, miguu imewajaa, ufizi umevimba na kufunika meno hata wasiweze kutafuna.

Da Gama alimtuma mtu mjini akatafute machungwa, maana wagonjwa walikuwa wakiyatamani mno. Mwezi wa Aprili mwaka uliotangulia, mfalme wa Mombasa alikuwa amewapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa, na wagonjwa wao wakapona. Mwandishi wa kumbukumbu za safari aliuhusisha uponyaji huo na hewa nzuri ya mji; matunda hakuyapa sifa yoyote. Mara hii machungwa yaliletwa, lakini kwa wengi yalikuwa yamechelewa. Walifia Malindi.

Ugonjwa wenyewe ni kiseyeye. Ndio uliowafikisha wanasayansi, baada ya karne nyingi, kwenye kundi la viambata tunavyoviita leo antioksidanti. Mmoja wa mifano ya mapema kabisa ya tiba yake iliyoandikwa hatua kwa hatua haukutokana na tunda. Ulitokana na majani, na wenye maarifa hayo walikuwa watu wa kijiji kimoja cha Amerika ya Kaskazini.

Stadacona, 1535–1536

Mfaransa Jacques Cartier alikuwa na merikebu tatu na watu wapatao 110 alipokwama kwenye barafu karibu na kijiji cha Stadacona, pale ulipo leo mji wa Quebec nchini Kanada. Kuanzia katikati ya Novemba 1535 hadi katikati ya Aprili 1536 merikebu hazikusogea. Vinywaji viliganda ndani ya mapipa. Desemba habari zikaja kwamba kijijini watu wanakufa. Zaidi ya hamsini walikuwa wamekwisha kuzikwa. Cartier akawapiga marufuku wenyeji kukaribia ngome yake, akidhani ni maradhi ya kuambukiza. Haikusaidia kitu, kwa sababu kilichokuwa kikiwaua kilikuwa ni ukosefu wa mboga na matunda katika chakula, na ukosefu huo haukuhitaji kuletwa na mtu.

Kufikia katikati ya Februari, kati ya watu wake 110 hawakufika kumi waliokuwa wazima. Kijana mmoja wa miaka 22 alipokufa, Cartier aliamuru maiti yake ipasuliwe ili wajue ugonjwa ni upi. Waliukuta moyo umefifia rangi na kusinyaa, umezungukwa na maji mekundu, na mapafu yamekuwa meusi. Hakuna aliyefaidika na yale waliyoyaona. Kwa kuhofia kwamba wenyeji wangegundua udhaifu wao, wachache walioweza kusimama waliagizwa wagonge mbao kwa nyundo na mawe ndani ya merikebu, isikike kana kwamba mafundi wako kazini.

Ndipo Cartier alipomwona Domagaya. Huyu alikuwa mwana wa Donnacona, mkuu wa kijiji. Mwaka 1534 Cartier mwenyewe alimchukua yeye na ndugu yake akawapeleka Ufaransa, na ndiyo sababu aliweza kuzungumza na Wafaransa. Siku kumi au kumi na mbili kabla, Domagaya alikuwa hoi, goti limevimba, meno yamelegea, ufizi umeoza. Sasa alikuwa akitembea bila shida. Cartier alimuuliza amejitibu kwa nini, akisingizia kwamba anamtafutia dawa mtumishi wake mmoja tu.

Domagaya hakumficha. Aliwatuma wanawake wawili pamoja na Cartier wakachume dawa, wakarudi na matawi tisa au kumi ya mti ulioitwa annedda. Wakaonyesha namna ya kuambua gome na kupukusa majani, kuvichemsha pamoja, kunywa maji yake siku moja na kupumzika moja, na kukanda miguu iliyovimba kwa machicha. Mwanzoni Wafaransa waligoma kunywa. Mmoja wawili walipojaribu na kupata nafuu, wengine walikimbilia chungu kwa vurugu. Mti mzima, mkubwa kama mwaloni mpana, ulimalizwa kwa muda wa siku nane hivi. Cartier aliandika kwamba madaktari wote wa vyuo vikuu vya Louvain na Montpellier, na dawa zote za Alexandria mikononi mwao, wasingefanya kwa mwaka mzima yale ambayo mti huo ulifanya kwa siku hizo chache. Watu wake 25 walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki walipona.

Malipo yalikuwa haya: Mei 1536 Cartier alimteka nyara Donnacona, Domagaya na wenzao, jumla watu kumi, akaondoka nao. Isipokuwa msichana mmoja, wote walifia Ufaransa. Hakuna hata mmoja aliyerudi kwao.

Mti usiojulikana, 1608–1795

Samuel de Champlain alipojenga makazi ya Quebec mwaka 1608, watu wa Stadacona hawakuwepo tena. Huenda vita, maradhi au mtawanyiko ndivyo vilivyowamaliza, na wenyeji wengine aliowakuta walizungumza lugha tofauti. Alikuwa amesoma habari za annedda katika maandishi ya Cartier, lakini hapakuwa na wa kumwonyesha ni mti gani. Majira yale ya baridi kali kiseyeye kilimnyang'anya sehemu kubwa ya watu wake, huku misitu ya miti ya jamii ya misonobari na mierezi ikiwa imewazunguka pande zote. Hadi leo wataalamu wa mimea hawajakubaliana: wapo wanaosema ulikuwa mwerezi mweupe wa Kanada, wapo wanaotaja jamaa wa msonobari wenye utomvu wa kunukia. Mti haukutoweka. Waliotoweka ni watu waliokuwa wakiujua, na huo ndio upande wa historia hii ambao vitabu vya kemia huupita haraka mno.

Ulaya iliendelea kuzika mabaharia. Mei 1747 daktari wa meli James Lind, akiwa ndani ya meli ya kivita ya Salisbury, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili na kuwapa tiba sita tofauti. Wawili waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipata nafuu ndani ya siku sita, kisha matunda yakaisha. Alichapisha kitabu chake mwaka 1753. Jeshi la majini la Uingereza lilisubiri hadi 1795 ndipo likaagiza maji ya limau yawe sehemu ya posho ya mabaharia wake.

Kwa nini tunda huwa jeusi, 1907–1937

Mwaka 1907 Wanorwe wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, waligundua kwa bahati kwamba simbilisi hupata kiseyeye wakilishwa nafaka tupu. Ugunduzi huo ulikuwa na uzito kwa sababu wanyama wengi hujitengenezea vitamini C, kinga ya kiseyeye, miilini mwao. Binadamu, nyani na simbilisi ni miongoni mwa wachache wasioweza. Sasa kulikuwa na mnyama wa kufanyia majaribio.

Aliyefungua mlango hakuwa akitafuta vitamini. Albert Szent-Györgyi, Mhungaria aliyefanya kazi Groningen nchini Uholanzi miaka ya 1920, alishughulishwa na swali ambalo kila mpishi hukutana nalo: kwa nini parachichi au ndizi iliyokatwa hugeuka nyeusi, ilhali limau halifanyi hivyo? Weusi huo hutokea oksijeni inaponyang'anya elektroni katika viambata vya tunda. Kitendo hicho huitwa oksidesheni, na ndicho hicho hicho kinachofanya mafuta ya kupikia yachache. Szent-Györgyi aliona kwamba maji ya baadhi ya mimea huchelewesha kitendo hicho. Ndani yake mlikuwa na kitu kinachojitoa chenyewe kwa oksijeni kabla kingine hakijaguswa, yaani antioksidanti.

Mwaka 1928, akiwa Cambridge, alifanikiwa kukitenga kitu hicho kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo za ng'ombe, kabichi na machungwa, lakini kwa kiasi kidogo sana. Kufikia 1932, akiwa amerudi kwao katika mji wa Szeged, ilithibitika kwamba ndiyo vitamini C, dawa ya kiseyeye. Szeged ni mji unaosifika kwa pilipili hoho nyekundu. Mwenyewe alisimulia kwamba jioni moja mkewe alimwandalia pilipili hizo, naye kwa kutozipenda akazichukua na kwenda kuzipima maabara. Muda si mrefu alikuwa na zaidi ya kilo nzima ya vitamini C iliyosafishwa, mahali ambapo wengine walikuwa wakihesabu miligramu. Mwaka 1937 alipewa Tuzo ya Nobel.

Lipo jambo la 1936 ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi kuliko tuzo. Szent-Györgyi na wenzake waliona wagonjwa waliokuwa wakivuja damu kwenye mishipa midogo ambao vitamini C safi haikuwasaidia, bali waliponywa na maji ya pilipili hoho na ya limau ambayo hayakusafishwa. Katika uchafu huo mlikuwa na flavonoidi, viambata vinavyoyapa majani, maua na matunda rangi nyingi na uchungu mwingi. Aliviita vitamini P. Haikuthibitika kwamba mtu hawezi kuishi bila hivyo, na mwaka 1950 jina hilo likaachwa. Utafiti juu ya flavonoidi ukapoa kwa miaka mingi. Swali la kwa nini mchanganyiko wa mmea ulifanya kazi ambayo kiambata kimoja hakikuifanya likabaki bila mwenyewe.

Radikali huru, 1954–1969

Denham Harman, mkemia wa mafuta aliyegeuka kuwa daktari, alikuwa Berkeley nchini Marekani mwaka 1954 alipopata wazo kwamba uzee husababishwa na radikali huru. Hizi ni molekuli zilizobaki na elektroni isiyo na mwenzake. Huparamia molekuli yoyote iliyo jirani na kuipora elektroni, nayo iliyoporwa hupora nyingine. Alichapisha nadharia hiyo mwaka 1956, na wanabiolojia wengi wakaipuuza kwa sababu hawakuamini kwamba vitu vikali hivyo hukaa ndani ya mwili ulio hai. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke walikionyesha kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuizima mojawapo ya radikali hizo. Kama mwili una kizima moto, basi moto upo.

Hapo jani likaanza kueleweka kwa njia mpya. Jani haliwezi kukimbilia kivulini. Jua la saa sita mchana huliletea mwanga mwingi kuliko linavyoweza kuutumia kujitengenezea chakula, na nguvu inayobaki huzalisha oksijeni kali inayoweza kuunguza seli. Kwa hiyo jani hujilinda: hutengeneza karotini ya kumeza nguvu hiyo, vitamini C, vitamini E, flavonoidi za kukinga miale mikali, na polifenoli nyingine ambazo pia humchukiza mdudu anayelitafuna. Dawa tunayoitafuta kwenye jani, jani liliitengeneza kwa ajili ya maisha yake lenyewe, ndiyo maana kiasi chake hubadilika kwa udongo, ukame, umri wa jani na majira ya kuchumwa.

Vidonge, 1985–1996

Takwimu za watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi zilionyesha saratani ni chache kwao. Hesabu ikaonekana nyepesi: mboga zina beta-karotini, basi wapewe watu beta-karotini kwenye kidonge. Nchini Finland wavutaji sigara 29,133 waliandikishwa kuanzia 1985. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994 na yaliwashtua wote: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakuimeza. Jaribio la Marekani lenye watu zaidi ya 18,000, wakiwemo waliofanya kazi kwenye asbesto, lilisimamishwa Januari 1996 kabla ya wakati wake kwa sababu hiyo hiyo. Huko saratani ya mapafu ilizidi kwa asilimia 28.

Kosa halikuwa la mchicha wala matembele. Kosa lilikuwa kukinyofoa kiambata kimoja, kukiongeza mara nyingi kuliko kinavyopatikana kwenye sahani, na kukipeleka kwenye mapafu yaliyojaa moshi ambako chenyewe kiliweza kugeuka kuwa chanzo cha madhara. Mwili nao huzitumia radikali huru kuua bakteria na kupelekeana ishara kati ya seli, kwa hiyo kuzizima zote si kuuponya.

Zambarau hugeuka manjano, 1995–2012

Wakati vidonge vikianguka, maabara zilipata kipimo cha bei nafuu. Kuna kemikali iitwayo DPPH, radikali huru inayodumu, ambayo ikiyeyushwa kwenye pombe huwa ya zambarau iliyokolea. Ukidondosha maji ya jani lenye antioksidanti, zambarau hufifia na kuelekea manjano, na mashine ya kupimia mwanga huandika imefifia kwa kiasi gani. Njia hiyo ilielezwa na Blois mwaka 1958, ikarahisishwa mwaka 1995, na tangu hapo imeenea katika vyuo vikuu vya nchi zenye mimea mingi na fedha chache, vya Afrika Mashariki vikiwemo. Mwarobaini, mpera, mchaichai, mlonge: yote yamepita kwenye zambarau hiyo, na karibu yote yameifuta.

Hapo ndipo penye mtego. Bomba la kupimia halina tumbo wala ini. Polifenoli nyingi hufyonzwa kidogo sana utumboni, na hicho kidogo hubadilishwa umbo kabla ya kufika kwenye damu. Idara ya Kilimo ya Marekani, iliyokuwa imechapisha orodha ya vyakula kwa nguvu ya kuzima radikali, iliiondoa orodha hiyo mwaka 2012 kwa sababu namba hizo hazikuwa zikithibitisha faida kwa mlaji, na wafanyabiashara walikuwa wakizitumia kupamba bidhaa zao.

Maelezo bora zaidi yalitoka upande mwingine. Mwaka 1992 Paul Talalay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitenga kiambata cha brokoli kiitwacho sulforafani. Hiki hakizimi radikali moja moja. Huichokoza seli kidogo, nayo seli hujibu kwa kutengeneza vimeng'enya vyake vya kujikinga, ambavyo hudumu muda mrefu baada ya kiambata chenyewe kuondoka. Mtafiti wa maabara hiyo hiyo, Jed Fahey, aliandika mwaka 2005 juu ya mti wenye viambata vya ukoo huo: mlonge. Ukitafuna jani bichi la mlonge, ukali unaopanda puani ndio wenyewe. Huzaliwa pale seli za jani zinapovunjwa na kimeng'enya kukutana na kiambata kilichokuwa kimetengwa nacho.

Mlonge, mganga na sheria, 1925 hadi sasa

Asili ya mlonge ni kaskazini mwa Bara Hindi, chini ya milima ya Himalaya, na katika Pwani yetu una miaka mingi. Majani yake yamepikwa kama mboga, maganda yake machanga yameingia kwenye mchuzi, nao waganga wameutumia kwa maradhi mengi. Lakini mganga mwenyewe aliishi chini ya kivuli cha sheria za kikoloni za uchawi, Kenya ikitunga yake mwaka 1925 na Tanganyika miaka michache baadaye. Sheria hizo ziliweka pazia kati ya anayejua jani na anayeweza kulipima.

Baada ya uhuru pazia lilianza kupasuka. Mwaka 1974 Tanzania ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, ambacho baadaye kilikuja kuwa taasisi kamili. Mwaka 1976 Profesa John Kokwaro wa Nairobi alichapisha kitabu kikubwa cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, pamoja na majina yake katika lugha za makabila. Mwaka 2002 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Kisha likaja wimbi la mlonge. Kazi ya Lowell Fuglie nchini Senegal, ambaye aliandika kitabu chake mwaka 1999, iliusambaza duniani kama mti wa kupambana na utapiamlo, na kwake kukatoka ule msemo unaorudiwa sokoni kwamba jani la mlonge lina vitamini C mara saba ya chungwa. Hesabu hiyo ni ya jani bichi, gramu kwa gramu. Likikauka, vitamini C nyingi hupotea, na likianikwa juani karotini nayo huharibika. Ndiyo maana watengenezaji wa unga walio makini huanika kivulini penye hewa. Nacho kijiko kikubwa cha unga kina gramu nane hivi tu, kwa hiyo hakilingani na chungwa zima. Hakuna haja ya kuudanganya umma juu ya jani ambalo tayari ni zuri: protini, madini, karotini na flavonoidi zimo. Majaribio kwa binadamu kuhusu sukari ya damu yapo, lakini ni machache na mengi ni madogo, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anayechanganya mlonge na vidonge vya hospitali amweleze daktari wake, sukari isije ikashuka kupita kiasi.

Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni. Inazitaka serikali za kaunti ziweke rejista ya maarifa hayo, na inamtaka anayetaka kuyatumia apate kwanza ridhaa ya jamii yenye maarifa hayo. Domagaya hakuwa na ulinzi wa namna hiyo. Lakini rejista inayotaja jina la mti peke yake haitoshi. Majani ya mhogo yana viambata vinavyotoa sianidi, na ni kutwanga na kuchemsha sana kunakoyafanya kisamvu cha kuliwa. Hatua hizo ni sehemu ya maarifa kama lilivyo jina. Afisa wa kaunti anayekaa na bibi au babu kuandika dawa ya majani anapaswa kuuliza kama jani lilichumwa changa au limekomaa, lilianikwa wapi, lilitwangwa kabla au baada ya kuchemshwa, maji yaliachwa yapungue hadi kiasi gani, na mgonjwa alipewa kwa siku ngapi.